Fidia ya Bafu la Masafa

Nilikuwa nimefika nusu ya soli ya kiatu cha Wakili, mwenyewe kakaa na mguu mmoja mtupu juu ya kipande cha boksi, Redio alipoingia barazani akipunga mikono. Redio ni kinyozi. Chumba chake kimepakana na baraza tunaponywea kahawa, na hakuna taarifa ya habari inayompita.

"Mmesikia? Mtu kamshtaki mkandarasi kwa kumjengea nyumba ya ovyo, na kashinda! Paa linavuja, kuta zina nyufa. Mahakama imesema abomoe, ajenge upya, na juu yake alipe fidia ya usumbufu."

"Fidia ya usumbufu!" Wakili akayarudia maneno hayo taratibu kama anayelamba asali. Wakili hajasomea sheria. Aliwahi kuwa shahidi katika kesi ya mbuzi, na tangu hapo hasemi tena "nadhani". Husema "kwa mujibu wa ushahidi".

Masafa, dereva wa lori, akaweka kikombe chini. "Basi na mimi nataka yangu."

Hakumtaja mtu, lakini wote tukageuka kumtazama Nyuzi Tisini. Huyu ni fundi ujenzi. Jina alijipa mwenyewe, akisema kona zake zote zinatoka nyuzi tisini kamili. Siku hiyo alikuwa amekaa kwenye kona ya benchi, akaanza kuchunguza kahawa yake kana kwamba kuna kitu kimezama humo.

"Sema yote, bwana," Mama Birika akamwambia Masafa. Yeye ndiye mwenye kahawa, na barazani hapo neno lake lina uzito kuliko letu, maana wengi wetu tunakunywa kwa mkopo.

"Nisemeje zaidi? Mama yangu kavunjika nyonga. Katoka hospitali, nikasema atakaa kwangu, nimtengenezee bafu zuri, sakafu isiyoteleza, aingie na fimbo yake. Nikamwachia huyu kazi, nikaenda safari. Nimerudi, mama anaogea chumbani kwenye beseni! Mama huyu aliyetuogesha sisi sote huku anatugombeza, leo anashikiwa sabuni kama kichanga. Kwa nini? Kwa sababu ukimwaga maji kwenye bafu la huyu mheshimiwa, yanatoka mlangoni, yanafuata ukumbi, yanakwenda kumsalimia mama chumbani kwake."

"Maji yenye adabu hayo," Redio akasema.

"Kimya!" Wakili akainuka, akakumbuka mguu, akakaa. "Kesi ipo. Mlalamikaji yupo, mshtakiwa yupo, na mahakimu tupo. Mshtakiwa, una lolote?"

Nyuzi Tisini akainua macho. "Nina swali kwa mlalamikaji. Siku ile unaondoka na lori, uliniambia nini hapa hapa?"

"Nilikwambia ujenge vizuri."

"Na baada ya hapo?"

Masafa akajikuna shingo. "Nilikwambia hawa jamaa watakuwa macho yangu."

"Ahsante. Basi macho yalikuja, kaka. Yakaja na midomo yake."

Hapo nikasitisha sindano. Si kwamba nilikuwa na upande. Niliona tu Mama Birika amefuta meza ile ile mara ya pili.

"Mimi," Nyuzi Tisini akaendelea, "tundu la maji nililiweka katikati ya sakafu. Mteremko unalifuata kutoka kila upande. Kazi safi. Akaja Mama Birika."

"Nilikuletea kahawa, tena ya bure!"

"Ulileta kahawa na maagizo. Ukasema tundu likikaa katikati, mgonjwa atalikanyaga. Nilisogeze kule pembeni, kwenye kona ya dirisha."

"Sasa nilidanganya? Mtu ana fimbo! Fimbo ikizama tunduni je?"

"Hukudanganya, dada. Nikasogeza. Akaja mheshimiwa Wakili."

Wakili akakohoa.

"Yeye kasema ukuta wenye dirisha unapakana na jirani, ukipata unyevu Masafa ataburutwa mahakamani. Niinue sakafu upande ule, maji yasiusogelee."

"Kwa mujibu wa sheria za ujirani..."

"Nikainua."

Mama Birika ndiye aliyetangulia kuona. "Ngoja kwanza. Tundu liko kona ya dirisha."

"Ndiyo."

"Na kona ya dirisha imeinuliwa."

"Ndiyo, dada."

"Kwa hiyo maji yapande mlima yatafute tundu?"

Baraza zima lilicheka. Redio alicheka mpaka akashika ukuta. "Mahakimu ndio washtakiwa! Jamani, hii siwezi kukaa nayo, lazima niitangaze!"

"Itangaze," Nyuzi Tisini akamwambia, "na usisahau kutaja aliyesema nitoe kizingiti cha mlangoni."

Kicheko cha Redio kikakatika. "Mimi nilisikia kwenye kipindi cha afya. Wazee hujikwaa kwenye vizingiti."

"Hujikwaa, ni kweli. Na maji je? Huyu kayahamishia tundu, huyu kayafukuza kutoka kule, wewe ukayafungulia mlango."

Tukacheka tena, lakini Masafa hakucheka. Alingoja tumalize, kama anavyongoja ng'ombe wavuke barabara.

"Fundi ni nani hapa?" akauliza.

"Ni mimi."

"Mama Birika anauza kahawa. Huyu ananyoa. Huyu Wakili sijui hata anafanya nini."

"Naomba hilo lifutwe," Wakili akasema.

"Mimi kazi nilikupa wewe. Nijibu hili tu. Kabla ya kubandika vigae, ulimwaga maji ukaona yanaelekea wapi?"

Nyuzi Tisini akakisukuma kikombe mbele kidogo, akakirudisha. "Siku ile kulikuwa na mgao wa maji."

"Mgao!" Mama Birika akajipiga kofi pajani. "Mimi nimesimama pale na birika zima! Ungemwaga hata kahawa!"

"Nimekosa," fundi akasema, sauti imeshuka. "Sina cha kujitetea. Kila aliyekuja alikuwa na sababu nzuri, na kila mmoja nikaona haya kumkatalia. Nikawaridhisha wote, nikamsahau mwenye kuoga."

Hakuna aliyemtania tena. Redio tu ndiye aliyemgonga bega.

"Basi tuhukumu," Wakili akasema kwa upole ambao si kawaida yake. "Fidia ya usumbufu..."

"Sitaki usumbufu wa mtu," Masafa akamkata. "Nataka mama aingie bafuni, afunge mlango, aoge mwenyewe. Basi."

Wakashauriana, na kwa mara ya kwanza nikasikia barazani mtu akisubiri mwenzake amalize. Nyuzi Tisini atabomoa na kujenga upya kwa nguvu zake, na vigae vitakavyovunjika atavirudisha yeye. Saruji na mchanga ni vya Masafa, kwa kosa la kuajiri macho yasiyo na kazi. Wakili, Redio na Mama Birika watabeba kifusi.

"Na nyongeza," Masafa akasema. "Mkishaingia kwangu, hakuna kufungua mdomo kuhusu bafu lile. Atakayetoa ushauri atanunua vigae vyote."

"Hata salamu?" Mama Birika akauliza.

"Salamu ruhusa."

Wakaapa. Tukaenda mchana ule ule, Wakili kavaa kiatu kimoja na ndala yangu moja, mimi nimebeba ndoo.

Sijawahi kuona kazi yenye kimya kama ile. Tindo na nyundo tu ndivyo vilivyoongea. Nyuzi Tisini aling'oa vigae upande wa dirisha, akaanza kushusha sakafu ili mteremko ulifuate tundu pale pale konani. Redio alipita na ndoo za kifusi akiwa amebana midomo. Mara mbili nilimwona Wakili akiinua kidole, akakitazama, akakishusha.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama tuliposikia fimbo ukumbini. Mama yake Masafa akasimama mlangoni, mkwewe nyuma yake.

"Wote hawa mafundi?"

"Wabeba kifusi, mama," Masafa akajibu.

"Mbona hawasemi? Wanaumwa?"

"Wanaogopa faini."

Akatutazama mmoja mmoja, kisha akamgeukia fundi. "Mwanangu, mimi ndiye nitakayeoga humu. Kuna aliyeniuliza nitakaa wapi?"

Nyuzi Tisini akamtazama Masafa. Masafa akatazama dari.

"Hakuna, mama."

"Haya, niulize."

"Utakaa wapi, mama?"

Akaingia polepole, mkono mmoja begani mwa mwanawe, akipima kila hatua katikati ya mabaki ya vigae. Akafika kona ya dirisha, akaigonga kwa fimbo. "Hapa. Huku nina ukuta wa kuegemea, huku nina ukuta wa kushika, na upepo wa dirisha naupata. Leteni kiti."

Mkwewe akaleta kiti cha plastiki, akakiweka pale pale alipoelekezwa. Mama akakaa, akaegemea, akashika ukuta, akafumba macho. Uso wake ulikuwa wa mtu anayemwagikiwa maji baada ya siku nyingi.

Mguu mmoja wa kiti ulikuwa umetumbukia kwenye tundu la maji, sawasawa, kama tundu lilichimbwa kwa ajili yake.

Sote tuliona. Mama Birika akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Wakili akageukia ukuta, mabega yanatetemeka. Redio akatoka mbio na ndoo isiyo na kitu.

"Kinayumba kidogo," mama akasema, macho bado kayafumba. "Lakini hilo ni lenu."

Nyuzi Tisini akaweka tindo chini. Akachuchumaa, akatazama mguu wa kiti, akatazama tundu, akatazama katikati ya sakafu alikokuwa ameliweka tangu mwanzo. Akajifuta vumbi usoni.

"Mama," akasema, "tutaendelea kesho."

"Njooni mapema. Na hawa mabubu waje pia. Nimewapenda, watu wasioingilia kazi ya mtu."