Maili Zilizozidi Katika Lori la Baba

Majengo, Meru
Juni 1957

Kwa Bwana D.O.,

Pokea salamu zangu pamoja na heshima. Mimi ni Hinda, binti wa Mzee Burale Keinan mwenye lori, ambaye yuko ndani ya kituo chako tangu juzi. Nimemaliza shule mwaka huu. Ningekuja ofisini mwenyewe, lakini mbele ya watu sauti yangu hukwama, na karani wako huniambia, "Sema kwa nguvu, binti, ama urudi kwa mama yako." Kwenye karatasi nasikika vizuri zaidi.

Baba ameshtakiwa kwamba aliingia msituni kuwapelekea chakula watu wanaopigana na serikali. Shahidi ni mita ya lori. Askari huandika maili lori likitoka Meru, wenzao huandika likifika Embu, na wameona maili thelathini na zaidi ambazo barabara haina. Pale kwenye geti askari mmoja alimwuliza, "Mzee, hizi nyingine umezila?" Baba hakujibu neno. Sasa tumeambiwa Jumamosi anapelekwa kambini. Jirani yetu Kithaka alipelekwa huko kwa maswali ya siku moja, na mtoto wake aliyekuwa mgongoni sasa anachunga mbuzi.

Bwana, maili hizo hazikwenda msituni. Zimo ndani ya difu, lile sanduku la gia la ekseli ya nyuma. Lori letu likibeba kahawa ya Githongo lilikuwa likishindwa na milima ya Nithi, na Jumaa, taniboi wetu, akikimbia nyuma na gogo la kuzuia gurudumu. Basi fundi Mutembei akafungua ekseli ya nyuma, akatoa gia za zamani, akaweka nyingine za kupandia mlima. Tangu hapo shafti inayotoka mbele huzunguka mara nyingi zaidi ili gurudumu lizunguke mara moja. Lori limepata nguvu, limepoteza mbio. Na mita haihesabu magurudumu, huhesabu shafti. Lori likienda maili tano, mita husema saba. Nilipiga hesabu hiyo nyuma ya kalenda, ikalingana kabisa na maili mnazozitafuta.

Kwa hiyo naomba kulalamika kama ifuatavyo.

1. Mita imeaminiwa kuliko mtu, wala haikuapishwa. Najua siku hizi kiapo kinaweza kumfikisha mtu kambini, kwa hiyo sisemi iapishwe. Nasema iulizwe kama Baba alivyoulizwa, ikiwa imesimama juani bila maji, mpaka ibadilishe maneno. Nadhani haitachukua muda.

2. Kama mita inasema kweli, basi Embu imehama. Imesogea maili thelathini, na sasa iko karibu na Sagana. Naomba watu wa Embu waarifiwe, kwa maana wanalala nje ya wilaya yao bila ruhusa. Kila mmoja atahitaji pasi ya kutoka Embu ili aweze kukaa Embu. Foleni itakuwa ndefu, na ofisi ya pasi hufungwa mapema.

3. Mita hiyo hiyo huonyesha mbio. Siku moja askari alidai imemwonyesha kwamba Baba anapita mwendo wa sheria, akamwandikia kosa. Alikuwa anapanda kutoka mtoni Nithi. Mama mmoja anayeitwa Wanja, mwenye mkungu wa ndizi mgongoni, alilipita lori akamwambia Baba, "Mzee, nikusaidie kubeba?" Simwombei mabaya Wanja, lakini sheria ni moja. Ikiwa Baba alikuwa anakimbia, yeye alikuwa anakimbia zaidi. Naomba aandikiwe pia, na ndizi zake zikaguliwe breki.

4. Kama lazima mtu azuiliwe, mwenye kosa ni gia. Ichukueni yenyewe. Imezoea kukaa gizani, haili, na haitasumbua kwa barua za nyumbani. Nasikia kambini watu hupangwa kwa rangi, weupe, wa kijivu na weusi, kufuatana na ugumu wa mioyo yao. Gia yetu ni nyeusi, lakini ni kwa sababu ya mafuta. Naomba ipanguswe kwanza kabla ya kupangwa. Zile za zamani ziko kwa Mutembei, zimeisha meno na hazina nguvu ya kumpinga mtu. Zinaweza kupewa cheti cha utiifu leo leo.

5. Na kama gia ina hatia, kila ilichokisukuma kina hatia. Unga uliopikwa jela mwezi huu ulikuja na lori hilo. Wafungwa wameula, na askari wanaowalinda wameula. Naona itakuwa rahisi zaidi kumwacha Baba nje, kwa kuwa ndiye pekee ambaye hamjampa chakula tangu juzi.

Hayo ndiyo maombi yangu. Mama yangu Fadumo anakusalimu. Nisalimie Memsahib, karani, askari wote wa geti pamoja na yule mwenye mzaha, na umwambie Baba kwamba tumemtunzia chai.

Ni mimi, anayesubiri jibu kabla ya Jumamosi,
Hinda Burale

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha. Fundi Mutembei amerudi jioni hii kutoka Embu, nikamsomea barua kwa furaha. Akasema, "Hinda, unadhani mimi hufanya kazi nusu? Nilibadilisha pia ile gia ndogo inayoendesha mita, ili isome sawasawa." Kwa hiyo mita ni sahihi. Embu iko mahali pake, na Wanja asisumbuliwe. Hesabu yangu ilikuwa nzuri, lakini ya kitu ambacho hakipo.

Maili zile ni za kweli, na kweli zilikwenda msituni juu ya Chogoria. Lori la serikali lilishindwa na mlima wa huko, na mpishi wako aliposikia kuhusu gia zetu mpya, akaagiza Baba apitie huko kila safari, akimwambia ni siri ya serikali. Ndiyo sababu Baba hajibu. Alipeleka hema, karai la kuogea, kuku, na kreti za bia ambazo alizifunika turubai ili yeye, Mwislamu, asizione. Mutembei alipanda naye mara moja kuzijaribu gia. Anasema ulikuwa umekaa juu ya jiwe na fimbo ya kuvulia samaki, umeligeuzia lori mgongo.

Kwa hiyo shtaka ni kweli, Bwana. Baba aliwalisha watu msituni. Na kwa kuwa sheria inataka waliolishwa watajwe kwa majina, Mutembei yuko tayari kuwataja, hapo ofisini kwako ama mbele ya mkubwa wako, Bwana D.C., popote atakapoitwa kabla ya Jumamosi.