Ua la Nasma

Jumapili, 3 Agosti 2014, Kasulu

Ushindi! Nasma, muuguzi wa nyumba ya pili, kaenda Ujiji kumuuguza shangazi yake, na ua lake kaniachia mimi. Mimi Saady, muuza ndala! Si Lukmani wa duka la simu, aliyekuwa kasimama palepale akijikohoza. Ua lenyewe dogo, limo kwenye kopo la maziwa ya unga, majani manene kama vidole vya mtoto mchanga. Kasisitiza linapenda ukame, hata nikilisahau si neno. Anaona haya kunisumbua tu. Atalikuta limefika dirishani! Nimelimwagilia jagi zima.

Alhamisi, 7 Agosti

Limegoma kukua. Nimeongeza samadi ya mbuzi na supu ya kongoro. Lukmani kachungulia juu ya ukuta, kauliza kama napika. Wivu!

Jumatano, 13 Agosti

Msiba. Majani ya chini yamelainika kama ndizi mbivu. Nikalitikisa kidogo kuliamsha. Yote chini! Limebaki shina jeusi, linanuka kongoro. Nimeyazoa majani, mazima kwa mabovu, nikayatupa nyuma ya jiko, juu ya vipande vya matofali. Sikanyagi tena huko.

Jumamosi, 20 Septemba

Nasma karudi! Nikamwambia ua nimelipeleka Kibondo kubadili hewa. Lukmani, kumbe siku ile aliniona, akamwambia aje nyuma ya jiko akaone kaburi. Akatangulia yeye, kifua mbele. Mimi nyuma.

Nasma akapiga yowe. La furaha! Kila jani zima limetoa vijizizi vyekundu na kichwa kidogo cha kijani. Matofali yamejaa watoto! Akaniuliza nilijuaje kwamba huoteshwa kwa majani, yakiachwa makavu bila kuguswa.

Nikainamisha kichwa kwa adabu. "Ni kipaji tu, dada Nasma."

Akauliza, na lile la Kibondo? Nikasema nilitaka kumshtukiza. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamtuma Lukmani akatafute makopo. Lukmani! Makopo! Akaenda.

Jumatatu, 22 Septemba

Sifa zimefika mpaka shuleni. Mwalimu Odilia, anayekwenda semina Kigoma, kaniletea mshubiri wake. Kaniomba sana nisiuguse mpaka arudi. Watu hawajui mimea, jamani. Nimeuanzishia chai ya maziwa, asubuhi na jioni.