Nilivyomuogesha mama mukwe kwa dirisha

Leo nimeaibika, ndugu zangu. Tena ndani ya nyumba yangu, mbele ya mama mukwe.

Munajua nauza masitiki ya kuzibia madirisha, rangi na misumari kule sokoni Birere. Mutu akija kulalamika kwamba dirisha lake linavuja, mimi ndiye dokta. Lakini kwangu hapa mutaa wa Murara, tangu mabomu yatikise mji, mvua ikinyesha tunaweka sufuria chini ya dirisha la salon, pale tunapoketi na wageni. (Dokta mwenyewe mugonjwa. Endeleeni kusoma tu.)

Nyumbani tuko na wageni: Muzee Kambale na mukewe, waliokimbia vita kule Rutshuru. Huu ni mwezi wa nne tunakula sahani moja. Muzee ni mutu mupole, hasemi mengi.

Jana bibi yangu akaniambia mama yake anafika na bato ya Bukavu, ile inayovuka ziwa. Nikashituka! Nikabeba masitiki, nikaanza kuziba kila mahali. Chini ya chuma cha dirisha, upande wa inje, nikakuta matobo mawili madogo. Nikasema: kumbe adui ni ninyi! Nikayajaza masitiki mpaka yakapotea.

Muzee alikuwa nyuma yangu.

"Papa, hayo matobo uyaache."

"Muzee, pumzika. Hii ndiyo kazi yangu."

Akapumzika.

Leo saa nane, mama mukwe ameketi salon, kitenge kipya, perike ya heshima, nywele za bandia zimepangwa vizuri kichwani, mgongo kwa dirisha. Mvua ikashuka. Ile ya kwetu, mabati yakilia hata sala yako mwenyewe huisikii. Mimi macho kwa sakafu. Hata tone!

Mvua ilipopungua, mama akasema, "Mukwe wangu, niliambiwa dirisha hii inavuja."

Hapo ningejibu tu "asante Mungu" na kunyamaza. (Nani alinituma?)

"Ilikuwa, mama! Ngoja nikuonyeshe kazi."

Nikashika kioo, nikakisukuma kwa nguvu zote. Kumbe ule mufereji ambamo kioo kinateleza ulikuwa umejaa maji mpaka mdomoni. Yote yakaruka. Yote! Kichwani pa mama.

"Yesu Maria!"

Perike ikashuka mpaka puani. Bibi yangu akakimbia kuleta taulo.

Muzee Kambale akainuka polepole, akachukua musumari, akatoka inje palepale mvuani. Akatoboa masitiki yangu. Maji yaliyobaki yakatoka shwaa! Kisha akanionyesha ufa mrefu juu ya dirisha, kati ya chuma na ukuta.

"Mabomu ndiyo ilipasua hapa. Maji inaingia huku juu, na kwa yale matobo ya chini ndiyo inatoka. Wewe umefunga mulango wa kutokea, ukaacha wa kuingilia."

"Muzee, haya ulijifunza wapi?"

"Nimetengeneza madirisha tangu kijana, papa. Vyombo vyangu vilibaki tulipokimbia. Mikono nilikuja nayo."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipolowa kweli. Miezi minne! Nilimupa kitanda, nikamupa chakula, nikajiona mutu mwema. Sikumuuliza hata siku moja alikuwa nani kabla ya vita.

Nikamushika mikono yote miwili. "Aksanti, muzee. Unisamehe."

"Leta masitiki," akajibu. "Tuzibe huku juu mbele ya mvua kurudi."

Tumeziba naye, yeye akifundisha, mimi nikishika ngazi. Na kesho tunaenda Birere pamoja: muteja akiuliza kuhusu madirisha, anayejibu ni Muzee. Namushukuru Mungu kwa mugeni huyu. Wengine wanapokea wakimbizi, mimi nilipokea mwalimu.

Mama mukwe naye ameshaomba Muzee aende Bukavu kuangalia madirisha yake. Mimi nimepewa ruhusa ya kubeba misumari.

Sasa tafadhali, muchekee mioyoni. Mama anajikausha hapa kando yangu, na ananiambia nimusomee majibu yenu kwa sauti.