Ombi la Kutendewa Kama Tangi la Samaki

Kwa Baba,
Msimamizi Mkuu wa Tangi la Maji ya Chumvi,
Sebuleni.

YAH: KUOMBA HAKI SAWA NA TANGI

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwa kuwa nimeiweka kwenye kile kiti unachokalia kutazama maji, sina shaka itakukuta. Najua tunaishi nyumba moja. Ila wewe mwenyewe unajua nikisimama mbele ya mtu, hata mtu aliyenizaa, maneno hunikimbia. Kwenye karatasi hayana pa kukimbilia.

Jumatatu natakiwa nikakae kaunta kwenye duka la Mjomba, niwauzie watu misumari na rangi za ukuta, niwajibu maswali yao huku nikitabasamu. Ulisema mtu aliyemaliza shule hakai bure kama pambo. Sikukatai. Lakini sebuleni mwetu kuna pambo lililoingia wiki ileile niliyorudi na sanduku langu la shule, nalo linakaa bure mpaka leo, wala hakuna anayelitafutia kazi. Kwa heshima zote naleta malalamiko yangu kama ifuatavyo:

1. Tangi halina samaki. Lina mchanga, mawe, pampu inayokoroma na maji. Wageni wakiuliza samaki wako wapi, unawajibu kwa sauti laini ambayo mimi niliisikia mara ya mwisho nilipokuwa na surua: "Taratibu jamani, maji lazima yakomae kwanza. Kuna vijidudu vyema vinajijenga kwenye mawe. Huvioni kwa macho, lakini kazi inaendelea." Wageni wanatikisa vichwa kwa heshima. Baba, na mimi kazi inaendelea. Lakini Shangazi hata kiti hajakikalia anauliza, "Haya mwanangu, mpango ni nini?" Hajawahi kuyauliza maji mpango wao.

2. Mawe yalipoota ule ukungu wa kahawia, Mama alishtuka akataka kuyasugua. Ulimzuia kwa mikono miwili. "Uache, ni hatua tu, kila tangi jipya hupitia hapo." Wiki hiyohiyo mimi niliota chunusi mbili kwenye paji la uso. Hakuna aliyesema ni hatua. Niliambiwa niache karanga.

3. Feni. Ulisema maji yakipata joto kupita kiasi yatachafuka tabia. Feni ikahama chumbani kwangu ikaenda kuyapepea. Mimi nikipata joto tabia yangu inabaki palepale, labda ndilo kosa langu.

4. Umebandika kikaratasi: USIGONGE KIOO, VIUMBE WANASHTUKA. Humo ndani hakuna kiumbe wa kushtuka. Mlango wangu, ambao nyuma yake yupo kiumbe, unagongwa kwa ngumi kila alfajiri, tena na wewe uliyebandika kikaratasi.

5. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Jumapili ulifanya mazoezi ya kumpokea samaki. Ulitia kijiko kwenye mfuko wa maji, kijiko kikiwa ndicho samaki, ukauweka mfuko juu ya maji ya tangi ukae hapo uelee. Ukatueleza kwamba mgeni hatupwi tu majini. Lazima azoee joto kidogo kidogo, kisha aonjeshwe maji mapya kikombe kwa kikombe, ama sivyo roho yake itapasuka kwa mshtuko. Tulisimama tukikitazama kijiko kikizoea. Basi yule jirani tunayemwita Redio akabisha hodi, nawe hapohapo ukaniita kwa sauti ya kiwanjani, "Wewe! Toka huko, njoo umsalimie mgeni, umwambie umesomea nini!" Baba, kijiko kilipewa saa nzima.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, nayo si makubwa. Kwanza, Jumatatu isogezwe mbele mpaka nikomae, na siku ya kukomaa isitajwe, kama isivyotajwa ya tangi. Pili, nikienda kwa Mjomba nisitumbukizwe kaunta moja kwa moja. Wiki ya kwanza nikae ng'ambo ya barabara nikilitazama duka. Ya pili nisogee mlangoni. Ya tatu nionjeshwe mteja mmoja, mpole, anayejua saizi ya msumari wake. Nikionekana sijapauka, aongezwe wa pili. Tatu, wateja wakatazwe kugonga kaunta. Nne, kama haya yote ni mazito, nihesabiwe tu kuwa tangi. Nafasi ipo kati ya kabati na dirisha. Sitakoroma kama pampu, na mkitaka mtaniwashia taa jioni.

Nakutakia kazi njema kinyozini kwako, wateja watulize vichwa. Nisalimie Mama, ingawa yuko chumba cha pili na cherehani yake namsikia. Nisalimie Mjomba, Shangazi na Redio, ila wasijibu kwa kuja. Vijidudu vya kwenye mawe navyo visalimie, tuko pamoja.

Mimi binti yako mtiifu,
ninayeendelea kukomaa.

Nyongeza: Baba, nilipokuwa nikiinakili barua hii vizuri, alikuja yule muuzaji aliyetuuzia tangi, uliyemwita aje apime maji. Alipima chumvi akaguna. "Hii imezidi. Nani anaongeza maji hapa?" Mama alikuwa na pini mdomoni, akanionyesha mimi kwa mkasi, yaani nijibu mimi. Ikabidi niseme. Nikamwambia maji yakipungua jioni wewe unaongeza maji ya chumvi, kumbe yanayopaa ni maji tu, chumvi inabaki humohumo, kwa hiyo kila ukiongeza inazidi. Inatakiwa kuongeza maji yasiyo na chumvi. Iko kwenye kijitabu kilichokuja na pampu, nilikisoma usiku kwa kukosa feni.

"Mbona hukumwambia mzee?"

"Hajaniuliza."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema wanaoanza wote wanakosea palepale, naye amechoka kurudia kama kasuku, na anatafuta mtu wa kukaa dukani kwake awaeleze polepole bila kuwacheka. Akaniuliza naweza kuanza lini. Mdomo wangu ukajibu kabla haujaniuliza mimi mwenyewe: "Jumatatu."

Basi maombi yote manne nayaondoa. Hakuna aliyenitia kwenye mfuko nielee, wala sijapasuka. Tumeshatoa ndoo moja ya maji tukaweka yasiyo na chumvi kidogo kidogo, kwa hiyo nakusihi leo usiongeze chochote. Mjomba usimwambie. Kesho nitakwenda mwenyewe kumwambia kwamba siji, na nitamwambia kwa mdomo.