Malkia wa Limau wa Guildford

Jumatatu, 3 Februari

Malkia wa Limau amenifika kiunoni! Majani yana vidole vitano, vimenyooka kama kwenye picha za fulana. Tevin, kinyozi wangu wa Liverpool, mtaa wa jirani, aliyenipa mbegu, alisema bangi ya aina hii hunukia ganda la limau na pilipili manga. Ukiionja unashikwa na njaa, kisha kicheko, kisha usingizi wa pono. Mimi nikiinusa nasikia soksi ya askari wa doria. Pua yangu haijaelimika bado.

Inapenda jua hili la kiangazi. Nahamisha vyungu pembe hadi pembe ya balkoni nikilifuata. Naisemesha pia. Ikikomaa tu, kwaheri shifti za kugeuza wazee kitandani.

Jepchumba asijue ni bangi. Mke wangu ni nesi, ana leseni ya kulinda. Baada ya wale kuku wa bafuni alisema wazi: mradi mmoja zaidi wa siri, nahamia gereji ya rafiki yangu Mutua kule Mount Druitt. Hakuwa anatania.

Jumatano, 5 Februari

Balaa! Mama mkwe ametua kutoka Kapsabet. Miezi mitatu!

Kwetu Wajaluo, mama mkwe hazoewi. Simtazami usoni, sili naye meza moja, simbishii. Katika fleti ya vyumba viwili hii ni sarakasi. Leo nimekula jikoni nimesimama, uso umeelekea friji.

Malkia nimemficha nyuma ya kamba ya nguo. Sare za Jepchumba ndizo pazia. Akili hizi nilipewa bure.

Alhamisi, 6 Februari

Jepchumba amerudi kazini amenuna. Mgonjwa amemwuliza kwa upole kama kuna paka amekufa karibu. Amenusa sare yake, kisha akaninusa mimi. Nikasingizia mabomba ya jirani.

Sare zimeanuliwa. Malkia yuko wazi mbele ya ulimwengu. Mama mkwe ameshinda akimtazama kupitia kioo, anatabasamu. Anatabasamu nini?

Jumamosi, 8 Februari

Nimerudi kutoka shifti, vyungu vimebaki mashina! Nilidhani ni polisi. 

Polisi ingekuwa afadhali. Mama mkwe amechuma kila jani, amechambua, amechemsha, amemimina maziwa. Sufuria italala hivyo mpaka kesho, wageni wa ibada ya nyumbani wale na ugali.

Nimwambie nini? Mama, hiyo ni bangi? Maneno hayo hayatamkwi mbele ya mkwe. Nimekohoa kwa namna ya kuonya. Ametuma pole ya kikohozi kupitia kwa Jepchumba.

Nimeamua. Nitaamka kabla ya wote nimwage sufuria, niseme maziwa yameharibika.

Jumapili, 9 Februari

Nililala kupita kiasi. Nilipoamka sebule imejaa na mboga iko mezani!

Mchungaji Vénérand, Mrundi mpole asiyemaliza hata sahani ya kwanza, aliomba kuongezwa. Njaa! Kisha akacheka kichekesho cha mahubiri yake mwenyewe. Kicheko! Kisha mama mkwe akasinzia kwenye kiti. Usingizi! Ni vilevile alivyosema Tevin.

Mimi nilikuwa nimemeza kijiko kimoja jikoni, kupima tu. Miguu ikawa mizito. Ukuta ukaanza kupumua. Nikamwona Jepchumba akipokonywa leseni kwa ajili yangu, yeye aliyesoma huku akifanya kazi za usiku. Nilimhurumia mpaka machozi yakanitoka.

Nikaingia sebuleni. Nikapaza sauti wasile tena, hiyo ni bangi, nimeiotesha mwenyewe, waite ambulensi.

Mchungaji akaweka kijiko chini. Mama mkwe akafungua jicho moja, akasema jambo kwa Kikalenjin. Jepchumba akanitafsiria kwa sauti ya wodini: hiyo ni saget. Mgagani. Mboga ambayo mama yangu mwenyewe huiita dek, na nimelishwa utoto mzima.

Ningejuaje? Nimezaliwa Buruburu, mjini kabisa! Mboga nazijua zikiwa kwenye sahani.

Miguu ilipona papo hapo. Nikacheka, nikasema basi hakuna aliyekosa. Jepchumba hakucheka. Aliniuliza mimi nilidhani naotesha nini, miezi yote hii, hadi nyuma ya sare zake.

Mchungaji akaomba tufunge kwa sala. Ilikuwa ndefu na ilinitaja jina.

Jumatatu, 10 Februari

Gereji. Godoro kati ya mashine ya kukata nyasi na mti wa Krismasi wa plastiki.

Nimechunguza kosa langu lilikuwa wapi. Bangi sikuwa nayo. Aliyelewa hayupo. Kosa ni moja tu: kusema ukweli. Sitarudia.

Jepchumba hapokei simu. Nimemkumbuka vibaya, hata kununa kwake.

Jumamosi, 15 Februari

Mama mkwe amenitetea! Amemwambia binti yake kwamba mwanamume anayeweza kuotesha saget nzuri hivyo katika nchi ya ugenini si wa kutupwa. Jepchumba amekubali. Kesho narudi nyumbani! Sharti moja: nioteshe saget tupu, peupe, ya akina mama wa kanisa. Nimelia nikiwa nimekumbatia mashine ya nyasi.

Mchana nikaenda Liverpool kumgombeza Tevin. Amekiri kila kitu. Mbegu alizichota kwenye mkebe wa kahawa jikoni kwa mama yake, Mama Peninah. Aliona mama anauficha juu kabisa ya kabati, akadhani kitu kinachofichwa hivyo hakiwezi kuwa mboga. Ameomba radhi kwa moyo safi. Kijana mwungwana.

Amenipa nyingine bure. Ni za mkebe uleule, lakini ameniapia kwamba safari hii amechota chini kabisa.

Nitazipanda katikati ya saget. Majani yanafanana. Nani atajua?