Ombi la Kugawa Kura Zangu Tatu

Garsen,
11 Februari 1957

Kwa Bwana Mwandikishaji wa Wapiga Kura

Bwana,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na watu wa ofisi yako. Mimi ni Changawa Dhadho, mwalimu mstaafu, sasa mkulima wa mpunga na ndizi ukingoni mwa mto. Mwaka jana karani wako alinipa kura tatu: moja kwa kusoma, moja kwa kufundisha miaka ishirini na miwili, na ya tatu, alivyosema mwenyewe, kwa sababu nina uso wa mtu wa kuaminika. Nilishukuru. Lakini kura hizo zimenizidi, na sababu zangu ni hizi:

1. Mke wangu Mwanaarusi, mzaliwa wa Kau, hakupata hata moja. Anasoma vizuri kuliko mimi na miwani yangu. Karani alimtaka atoe cheti cha skuli, naye akasema alisomeshwa nyumbani na babake. Karani akamjibu, "Mama, serikali haimjui babako." Tangu siku hiyo nikimwomba chai huniuliza kama ninaiomba kwa kura ya kwanza, ya pili au ya tatu.

2. Jirani yangu Roba, Mworma mwenye ng'ombe wengi, naye alikosa kura ya mali. Ng'ombe wake walikuwa wamepelekwa malishoni mbali, na karani akasema mali asiyoiona hawezi kuiandika. Roba akauliza, "Mbona mtu wa kodi huwaona hata wakiwa huko huko?" Karani akafunga daftari.

3. Mwezi uliopita Chifu Mahadi aliitisha baraza. Alitueleza kwamba uchaguzi ni huru, kwamba kila mtu atachagua ampendaye, na kwamba sisi sote tunampenda mtu fulani, rafiki yake. Mke wangu akasimama.

"Chifu, hiyo ni sheria gani?"

"Nikisimama hapa, sheria ni mimi."

"Na ukiketi?"

Watu walicheka. Nadhani swali angelisamehe, ila kicheko kilimuudhi. Askari wake wawili walimchukua mke wangu wakamfungia katika stoo ya mahindi. Hakuambiwa kosa, hakupelekwa kwa hakimu, wala hakuna aliyeandika jina lake popote. Alikaa humo siku mbili.

Nilikwenda kwa chifu mara tatu, nikiona ni haki mara moja kwa kila kura. Alinipokea kwa adabu kubwa na kunitilia kahawa. "Mwalimu," akasema, "wewe ni mtu wa kura tatu, nani atakugusa? Huyu mkeo hana kitu." Nikanywa kahawa. Nilipotoka nilipita nyuma ya stoo, nikamsikia akikohoa kwa vumbi la mahindi. Alijua ni mimi kwa mwendo wangu. Akaniuliza kama nimekula.

4. Kwa maneno ya chifu nimeelewa jinsi mambo yalivyo. Mwenye kura hafungwi, asiye na kura hufungwa. Basi naomba kura yangu moja iandikwe kwa Mwanaarusi, ya pili kwa Roba, nami nibaki na moja, inanitosha kwa umri wangu.

5. Yuko pia mama mkwe wangu, ambaye huuliza maswali mengi kuliko bintiye, na Nzai, fundi wa mitumbwi, ambaye hucheka kwa sauti. Kama kanuni zinaruhusu kura kukatwa, naomba hao wawili wapewe nusu nusu kutoka kwenye ile yangu. Nitaishi kwa kuwa mwangalifu. Kura zikienea hivi nyumba hadi nyumba, chifu atakosa wa kumfunga, na stoo itabaki na mahindi tu, kama ilivyokusudiwa.

Nisalimie karani, umwambie uso wangu bado ni ule ule. Wasalimie wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo. Roba anakusalimu, na ng'ombe wake wamerudi, ukitaka kuwaona.

Ni mimi niliye mtiifu kwako, kwa kura zote tatu,
Changawa Dhadho

Nyongeza: Maneno haya anayaandika Mwanaarusi, nami namtajia kutoka dirishani. Leo asubuhi askari walinikuta nikiimalizia barua hii, na sasa nimo ndani ya stoo. Niliwatajia kura zangu, moja baada ya nyingine. Walinisikiliza hadi mwisho, kisha wakafunga mlango. Kwa hiyo ombi langu la kugawa kura nimeliondoa. Naomba hakimu.