Taa ya Njano na Safari ya Tarija

Ijumaa, 2 Agosti

Ijumaa ya kwanza ya mwezi, tena mwezi wa Pachamama, Mama Ardhi mwenyewe, anayemwagiwa kinywaji ili atubariki! Mji mzima wa Oruro unanuka bia na ubani. Nimelibariki gari kwa ajili ya safari. Wiki ijayo nampeleka Yobana, binti yangu wa ubatizo, akaolewe Tarija. Baba yake alifia mgodini. Mimi ndiye niliyembeba kanisani akiwa mchanga, akinililia sikioni, na mimi ndiye nitakayemfikisha. Si mwingine.

Huyo mwingine anajulikana. Shemeji Rómulo, kaka wa mke wangu, amenunua kibasi kipya. Leo amekibariki mbele ya nyumba yetu, makusudi kabisa. Maua kwenye boneti, bia kidogo kwenye matairi, vikaratasi vya rangi juu, basi. Ubahili mtupu! Mimi nikafungua boneti. Nikafungua na kifuniko cha chujio la hewa, baraka ziingie mpaka tumboni. Chupa nzima! Na vikaratasi gao zima. Rómulo akaniuliza kama nalibariki gari au nalilewesha. Wivu huo.

Jumamosi, 3 Agosti

Taa ya njano imewaka kwenye dashibodi. Ile yenye picha ya injini. Nieves, mke wangu, amesema nipeleke gari likapimwe. Nikamwambia gari haliumwi, limeonewa kijicho, na mwenye kijicho anatoka ukoo wake. Akaenda kumenya viazi bila kunijibu. Mwanamke huyu akinyamaza ananitisha kuliko taa.

Nimezima, nimewasha. Ipo. Nimeipiga dashibodi kofi. Ipo.

Jumatatu, 5 Agosti

Ushindi! Nimechomoa waya wa betri, nikanywa kikombe cha api, uji wetu wa mahindi, taratibu, nikaurudisha. Taa imezimika! Nikapita mbele ya nyumba ya Rómulo nikipiga honi. Nilipofika kona ya soko ikawaka tena. Nikaendelea kupiga honi. Ningefanyaje, na watu walikuwa wananitazama?

Jioni nimebandika teipu nyeusi juu yake. Hakuna taa tena. Gari limepona.

Jumatano, 7 Agosti

Gari linakohoa. Kwenye mlima wa Conchupata tumepitwa na mama mmoja aliyebeba gunia la mahindi mgongoni, na hakuwa na haraka. Yobana alikuwa pembeni yangu. Akauliza teipu ile ni ya nini. Nikamwambia ni urembo. Akanitazama kwa macho yaleyale ya marehemu baba yake, akasema kwa upole kwamba don Rómulo ana nafasi kwenye kibasi.

Nimeumia. Kweli nimeumia. Yobana naye!

Nimekaa nikafikiri, nikagundua kosa. Pachamama hakushiba! Chupa moja, tena ya bia ya bei ya chini, kwa safari ndefu namna hii? Aibu gani hii. Leo nimempa mbili za maana, palepale kwenye chujio.

Alhamisi, 8 Agosti

Gari linawaka, linatetemeka, linazima. Na Nieves amemwita kaka yake bila ruhusa yangu! Rómulo ana mashine ya kusomea magari. Anaichomeka chini ya usukani, inamwambia ugonjwa. Nilisimama mlangoni nimekunja mikono. Sikumkaribisha hata chai.

Mashine ikasema kidude kinachopima hewa inayoingia kwenye injini hakisomi. Rómulo akalitoa chujio la hewa. Limelowa chapachapa, linanuka baa, vikaratasi vya waridi vimeganda kila mahali. Na juu ya kile kidude, kikaratasi kimoja cha kijani kimejibandika kama stempu. Rómulo alicheka mpaka akakaa chini barabarani.

"Shemeji," akasema, "gari lako haliumwi. Limelewa. Lipe supu."

Nieves akacheka. Majirani wakacheka. Mimi nikasema ndivyo nilivyokuwa nakisia tangu mwanzo.

Amesafisha, ameweka chujio jipya, amebandua na teipu yangu bila kuniomba. Taa kimya. Sikumshukuru. Kisha Yobana akasema atapanda gari langu, kwa sababu baba aliyebaki naye ni mimi. Nikageuka kufuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Lakini ameniapisha: bia isiingie tena ndani ya injini. Nikaapa kwa roho ya mama yangu.

Ijumaa, 9 Agosti

Naandika karibu na San Lorenzo, mlangoni mwa Tarija. Tumesimama kidogo, Rómulo anakaza kamba.

Kiapo sikukivunja! Bia haijaingia hata tone. Asubuhi, kabla hatujaondoka, nililinywesha gari singani. Pombe ya zabibu, ya hukohuko Tarija, nyeupe kama maji. Nikatia kidogo tu kwenye chujio, kwa heshima ya barabara. Unaanzaje safari kama hii mkavu? Taa iliwaka Challapata. Nilikuwa na teipu mfukoni. Gari likakohoa Potosí, likapiga chafya Camargo, na tulipokwisha kuipita Iscayachi likanyamaza kimya.

Rómulo alikuwa nyuma yetu njia nzima, yeye na Nieves kwenye kibasi, eti kwa bahati. Akafungua boneti, akanusa, akanitazama. Mnafiki yule! Akatufunga kamba nyuma ya kibasi atuvute, kisha akamwambia Yobana ahamie kwake. Yobana alikuwa amecheka mpaka machozi yakamtoka. Akakataa. Akakaa palepale pembeni yangu, sanduku la gauni mapajani, akasema ameshaahidi.

Kwa hiyo ieleweke vizuri, hasa na watu wa ukoo wa mke wangu. Bibi harusi anaingia Tarija ndani ya gari langu, nami nimeshika usukani. Rómulo yuko mbele tu, anatufungulia njia. Nani atasema sikumfikisha?

Kamba yenyewe naiona nyembamba kidogo. Singani ilikuwa imebaki. Nimeshuka, nikaimwagia yote.